Mguu Ulizwe

Miaka hamsini na minne miguu yangu haijaulizwa kitu.
Kiatu cha harusi alikichagua shangazi,
cheusi kilichaguliwa na matanga,
na champali za kila siku zilikuja zenyewe
kama wageni wa Idi, zikakaa.
Adhabu ya kaburi aijua maiti;
adhabu ya kile kiatu cha harusi
tuliijua wawili, mimi na kidole changu cha mwisho.

Sasa sukari imepanda. Daktari kaninyooshea kalamu:
"Utoke jasho, mama, mara tatu kwa wiki."
Ndipo nikajikuta Ganjoni, orofa ya kwanza,
juu ya tanuri la boflo, wanawake peke yetu,
mapazia yamefungwa, mabuibui yametundikwa misumarini
kama foleni ya benki,
na Tabu binti Mwachiro anahesabu: tano, sita, saba, nane!

Wiki ya kwanza niliruka miguu mitupu.
Sakafu ya saruji haikai na deni:
ulichoipa inakurudishia papo hapo, kisiginoni.
Alfajiri, nikishuka kitandani kwenda kutawadha,
nilishika ukuta kama mtoto wa miezi kumi.
Wiki ya pili nikaazima raba za mjukuu, za kukimbilia.
Mbele zilikwenda. Kando zikakataa.
Tabu akasema "kushoto!", mwili ukaenda kushoto,
kiatu kikabaki kimeng'ang'ania sakafu,
na goti likatamka neno nisiloweza kuliandika.

Kongowea, Jumamosi, baada ya alasiri
(mguu wa asubuhi ni mwongo, Tabu alinionya,
nunua ukishavimba).
Mutinda katandaza turubai lake.
Nikashika jozi nyekundu, inang'aa. Akanipokonya kwa adabu,
akaikunja katikati, ikakunjika kama chapati.
"Hii ni picha ya kiatu, mama."
Ya pili akaigeuza soli:
ukingo wa nje umelika, umebaki ngozi ya kitunguu.
"Mwenyewe alikuwa akitembea kiubavu.
Sijui nchi gani, sijui alikuwa na haraka ya nini.
Ukiivaa utarithi mwendo wake."

Mirathi ya namna hiyo ninayo ya kutosha.

Ya tatu ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria.
Nikaibinya kisigino, haikubonyea.
Nikaipinda, ikapindika vidoleni tu, pale pale ninapopindika mimi.
Mbavu zake zikanishika kama mkunga, bila kuniumiza,
na mbele pakabaki nafasi ya ukucha wa dole gumba.
"Ruka," akasema Mutinda.
"Hapa?"
"Kwani utakwenda kurukia kitandani?"
Nikaruka, na buibui langu,
kati ya muuza nyanya na muuza mifuniko ya sufuria,
kulia, kushoto, nikazunguka, soli ikaniachia nizunguke.
Mguu ukajibu. Haukusema mengi.
Ulisema: hapa.

Yeye elfu na mia mbili, mimi mia nane.
Tukakutana mia tisa na hamsini, kamba mpya juu yake.

Kamba sasa. Sijawahi kufunga kamba ya kiatu maishani.
Nikapiga fundo la kufungia mkeka unaosafirishwa Lamu.
Tabu akacheka, akapiga magoti mbele yangu,
akalifungua, akafunga upya, polepole, ili nione.
Tangu yule mpaka hina, miaka thelathini na mbili,
hakuna aliyeishika miguu yangu.
Nikatazama dari. Jasho, nikasema, jasho limeniingia machoni
kabla hatujaanza kuruka.

Mzee Sombwana wa tanuri
alizoea kutugongea dari kwa mpini wa ufagio
kila tulipofika "nane".
Jumatatu ile hakugonga. Tuliposhuka
alikuwa kasimama mlangoni, unga hadi kwenye nyusi.
"Leo hamkuja?"
"Tumekuja, sote ishirini na mmoja."
Akanitazama miguu, akatazama dari yake,
akarudi ndani bila neno.

Kumbe kishindo chote kile kilikuwa changu.